Mwaka Niliotia Magari Rangi Nyeusi

Ujumbe wa Mwanaidi ulinikuta kazini, nikiwa nimeshika kijiko cha bibi mmoja ninayemlisha uji kila asubuhi. Maneno yalikuwa machache: kaka yako Sefu ametutoka, maziko kesho baada ya adhuhuri, njoo ukiweza. Hakukuwa na salamu, wala sikuitarajia. Mimi na Mwanaidi tulikuwa hatujasemezana kwa miaka ishirini na miwili, ingawa wote tunaishi London hii hii, na harusini na misibani tumekuwa tukipishana kama watu wasiojuana. Nilimaliza kumlisha bibi, nikamfuta mdomo, nikaenda kusimama kwenye korido. Sikulia. Nilijiuliza tu kwa nini ameniita mimi, na nikaogopa jibu kabla sijalipata.

Kesho yake nilishuka kwenye treni Ilford, nikatembea hadi kwenye nyumba yao. Viatu vilijaa mlangoni hadi vikamwagika njiani. Wanaume walikuwa wamekwishaondoka na jeneza, na sisi wanawake tukakaa chini sebuleni, juu ya mashuka, huku chai ya tangawizi ikizungushwa. Mwanaidi mwenyewe alikuwa chumbani juu. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa akimsifu marehemu. "Alikuwa na mikono ya baraka yule," alisema. "Gari limechoka, limepauka, akilishika yeye linatoka kama limeshushwa melini leo." Wenzake wakaitikia kwamba kweli, kweli kabisa. Mimi niliinamisha uso nikaitazama chai yangu. Mikono iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Chuo kilikuwa kimeniishia njiani, na Sefu na mkewe Mwanaidi wakanipa chumba kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi wakati ule, Edmonton, moja ya zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima. Hatukuwa na undugu. Tulikuwa watu wa Tanga, basi. Nikamwita yeye kaka na mkewe wifi, na majina hayo yakatufunga kama damu. Chumba changu kilikuwa juu ya jikoni. Kitanda kiligusa kuta mbili, na mbao za sakafu zilikuwa zimeachana, kiasi kwamba harufu ya vitunguu ilinifikia kabla sijaitwa kula, na maneno ya waliokaa chini vilevile. Mwanzoni nilikuwa nikikohoa ili wajue nasikia. Baadaye niliacha kukohoa. Siku hizi najua kwamba mtu huamua kuwa msikilizaji siku fulani hasa, hata kama haikumbuki. Mimi yangu siikumbuki.

Gereji ya Sefu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nyuma ya mabohari. Hakuwa fundi wa injini. Kazi yake ilikuwa ndani ya gari: dashibodi, milango, viti, kapeti. Mtu ataleta gari ambalo jua limeibabua plastiki yake ikawa rangi ya majivu, au ambalo watoto wamemwaga maziwa na chai humo miaka kumi, nasi tutalirudishia rangi. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao sijaupata kwa mwalimu mwingine yeyote. Kwanza kuosha, na kuosha tena kwa spiriti, kwa sababu alama ya kidole ikibaki, rangi haishiki hapo. Kisha msasa laini, kupitisha tu, kama unampangusa mtoto uso. Kisha spreyi. Nilipoishika mara ya kwanza nikamwaga rangi mpaka ikatiririka mlangoni, alicheka, akaniambia, "Saumu, hii siyo chokaa ya ukuta. Usipake. Pumulia." Nikajifunza kupumulia: tabaka jepesi, subiri, tabaka jingine. Kapeti lilikuwa na adabu yake tofauti. Ukishalipulizia, unalisugua kwa brashi ngumu lingali bichi, huku na huku, la sivyo nyuzi zinagandana kama ugali wa jana. Nilikuwa na mikono mepesi. Baada ya miezi mitatu Sefu aliacha kukagua kazi yangu, na mimi nikaacha kutafuta kazi nyingine.

Magari yale yalianza kuja vuli ilipoingia. Hayakuja kwa magurudumu yake. Yaliletwa juu ya lori, mawili au matatu kwa safari, na dereva aliyashusha bila kuzima injini wala kunywa chai. Hayakuwa yamegongwa popote. Nje yalikuwa mazuri, mengine mapya kabisa. Lakini vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani, na nilipofungua mlango wa la kwanza harufu ilinipiga usoni, harufu ya mtungi uliosahauliwa na maji yake. Kwenye milango, kwa ndani, kulikuwa na mstari. Ulikuwa mwembamba, wa kahawia, umenyooka kuzunguka gari zima, juu kidogo ya mahali anapokalia mtu. Sefu aliutazama mstari ule muda mrefu, kisha akaniambia kwamba ndani magari hayo yote ni ya kijivu, na wateja siku hizi wanapenda nyeusi. "Yote meusi," alisema. "Kapeti, milango, mpaka chini ya viti." Sikuuliza kitu. Televisheni ilikuwa imeonyesha wiki nzima mitaa ya kaskazini iliyojaa maji, watu wakipita kwa mitumbwi mbele ya nyumba zao, na paa za magari zikionekana kama migongo ya viboko. Nilikuwa nimekaa kochi moja na Sefu tukitazama.

Gari ninalolizungumzia lilikuwa dogo, lenye rangi ya damu ya mzee nje. Nilifanya kazi ndani yake siku nne. Nilivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake ili niusafishe, na kipande cha mwisho, kile kinacholala ndani siku zote, kikatoka na tope kavu lililopasukapasuka. Nilipoinua kapeti upande wa dereva nikakuta nyaya zimelala kwenye kitanda cha udongo, na kwenye maungio yake kuna kutu ya kijani. Niligusa waya mmoja, ganda lake likabaki kidoleni. Nikamwita Sefu. Alichuchumaa kando yangu, akatazama, akafuta mikono ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Limekauka," alisema.

"Kaka, nyaya hizi zimeoza."

"Wewe ni wa rangi, Saumu. Nyaya zina mwenyewe."

Nyaya hazikuwa na mwenyewe. Tulikuwa wawili tu pale gereji, na yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Nikalirudisha kapeti mahali pake, nikalibana pembeni, nikalipulizia rangi nyeusi tabaka kwa tabaka, nikalisugua huku na huku. Lilitoka zuri mno. Naweza kusema bila kujisifu kwamba sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Mstari wa maji ulipotelea milangoni chini ya mkono wangu kana kwamba hapakuwahi kutokea mafuriko yoyote duniani, na mimi, Mungu anisamehe, niliona raha.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, nilikuwa kitandani nikishona kifungo. Chini, Mwanaidi alikuwa akikaanga vitumbua na Sefu amekaa mezani. Nilisikia mafuta, nikasikia kijiko, kisha nikamsikia Mwanaidi akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lile dogo lililotoka juzi, nalo ni katika yale yaliyozama?"

"Limekauka," Sefu akasema.

"Sikukuuliza kukauka."

Kitumbua kimoja kikageuzwa.

"Basi mpe Nekesa," alisema Mwanaidi. "Anahangaika na mabasi na mtoto. Usimpe mtu baki, kesho akurudie na polisi. Nekesa hatasema kitu. Ni rafiki yangu."

Sindano ilinichoma, na nilijinyonya kidole nikisubiri Sefu akatae. Hakukataa wala hakukubali. Aliomba chai iongezwe. Nimewaza sana juu ya maneno yale ya Mwanaidi. Alikuwa mwanamke mwema. Alinipa koti lake baridi ilipoanza, na alikuwa akiwaosha wazee wa watu kwa mikono yake miwili siku sita za wiki. Nadhani alijiambia kwamba anamsaidia rafiki yake kupata gari. Nadhani alilisema akilini mara nyingi mpaka likawa hivyo.

Nekesa alikuwa nesi, Mkenya wa Bungoma, anakaa Thamesmead na bintiye Tabitha wa miaka sita. Walifahamiana na Mwanaidi kazini miaka ya nyuma, na walipendana kama pacha: mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani, wakichekana kwa Kiswahili chao tofauti. Alipokuja kula kwetu baada ya kulichukua gari, alituita sote nje tulitazame, utadhani hatujawahi kuliona. "Aki, cheki vile iko ndani," alisema, akapitisha kiganja chake juu ya dashibodi. "Nyeusi ti! Na inanukia mpya. Saumu, ni wewe umefanya hii kazi? Una mkono, dada yangu." Mwanaidi alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nekesa alinikatia kipande cha samaki kilichonona, akakiweka kwenye sahani yangu kwa vidole vyake, kwa shukrani. Tabitha aliulizwa na Sefu kama amelipenda gari, akajibu kwa Kiingereza kwamba linamfanya akohoe. Watu wazima wakacheka. Mimi nikala kile kipande cha samaki.

Majira ya baridi yalikuwa ya mvua tupu. Kila nilipomwona Nekesa niliangalia mikono yake na uso wake kwanza, kama mtu anayetafuta dalili za ugonjwa anaoujua yeye peke yake. Nilisikia vitu vidogovidogo. Vioo vina ukungu asubuhi. Taa ya ndani inawaka yenyewe. Dirisha la nyuma limegoma. Mwezi wa pili alinikuta peke yangu nyumbani. Mwanaidi alikuwa amechelewa kurudi kutoka zamu. Nilimtengenezea chai, akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia siku ya samaki.

"Saumu, nikuulize kitu, na usiniogope," alisema. "Hii gari iko na shida gani? Miguuni kuna unyevu haishi. Na juzi nimesikia harufu, kama ya plastiki inaungua. Sefu nikimuuliza anasema ni heater. Wewe ndio ulikaa ndani yake. Niambie."

Aliniuliza mimi. Hakuna siku ya mwaka ule niliyoirudia kichwani kama siku ile. Mlango ulikuwa umefungwa, nyumba tupu, mvua inapiga dirisha, na mwanamke mwenye akili timamu ananitazama usoni akisubiri. Nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa sentensi moja: usiliendeshe tena. Nikafikiria chumba changu juu. Nikafikiria koti la Mwanaidi lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango. Nikasema, "Ni unyevu wa London tu, dada. Magari yote yako hivyo. Fungua vioo kukiwa na jua." Nekesa alishusha pumzi, akatabasamu, akaniambia nimemwondolea mzigo.

Haikuchukua wiki tatu. Ilikuwa Jumamosi, saa nne ya asubuhi, nje ya maduka karibu na kwake, na watu walikuwa wakipita na mifuko yao. Alikuwa amemfunga Tabitha kiti cha nyuma na kuwasha gari. Moshi ulianza miguuni mwake, chini ya kapeti, mweusi na mzito. Akazima gari; halikuzimika. Akavuta kitasa, vitasa vyote vikawa vimejifunga. Dirisha halikushuka. Alirukia kiti cha nyuma, akapiga kioo kwa chupa ya chuma ya maji ya mtoto, mara ya kwanza, ya pili, na kilipopasuka hakungoja kutoa vipande. Alimsukuma mwanawe nje kwa mikono yote miwili, na mtu aliyekuwa akipita akampokea. Kisha yeye mwenyewe akavutwa nje. Tabitha hakupata hata mkwaruzo. Kioo kilimkata Nekesa mkono wa kulia, kuanzia kifundoni hadi kiganjani, kikaenda na mishipa ya vidole vitatu. Mwanaidi alipopokea simu jikoni alipiga yowe moja tu, kisha akamtazama mumewe. Sefu akanitazama mimi. Tulisimama hivyo watatu, chungu kikichemka.

Nilienda hospitali siku ya tatu, peke yangu. Nekesa alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko na kuinuliwa. Akaniuliza kama nimekula. Nilisimama mguuni pa kitanda na kumwambia yote: lori, mstari wa maji, tope kwenye mkanda, nyaya. Sikulia, kwa sababu niliona kulia ni kumwomba anibembeleze. Alinisikiliza huku akitazama vidole vyake vitatu vilivyotokeza kwenye bendeji.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Kabla hujalichukua."

"Na ukakula samaki na mimi." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Na nikakuuliza, Saumu. Nilikuuliza."

Akaniambia niende. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema kwamba kuna mtu wa bima atakuja, na polisi, na kama nina chochote cha utu ndani yangu nitawaambia maneno hayo hayo. Niliwaambia. Nilikaa kwenye chumba kidogo chenye meza na mitungi ya maji ya plastiki, nikaeleza jinsi ya kuficha mstari wa maji kwa spreyi, hatua kwa hatua, kana kwamba namfundisha kazi afisa wa polisi aliyekaa mbele yangu. Nilijitaja mimi na nikamtaja Sefu. Afisa akaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua hali ya gari lile. Nilisikia mafuta ya vitumbua. Nikasema hapana.

Sefu alifungwa. Mimi, kwa kuwa nilijipeleka mwenyewe, sikufungwa. Niliondoka Edmonton na begi moja, Mwanaidi amesimama mlangoni mikono kifuani, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Nilikufanya ndugu." Sefu alipotoka hakushika tena kazi ya magari ya kuuza, aliendesha basi la wazee wa kituo fulani. Tulikutana mara moja, mlangoni mwa basi hilo, nikimsindikiza mgonjwa wangu. Alimshika mzee mkono, akampandisha taratibu, akaniambia, "Saumu, hujambo," akafunga mlango. Nekesa hakurudi wodini. Vidole vile havikukunjika tena sawasawa, na nesi asiyeweza kushika sindano ana kazi gani wodini? Alipewa kazi ya simu, ya kuwasikiliza wagonjwa na kuwaelekeza. Ilimchukua miaka mitano kunifungulia mlango, na mingine kadhaa kunikalisha mezani. Lakini alinikalisha. Nimekula Krismasi kumi kwake. Tabitha ananiita anti. Na miaka yote hiyo Nekesa hakuachana na Mwanaidi, alimhurumia kama mke aliyedanganywa na mumewe. Alikuwa akinisihi nipatane naye. "Na yeye aliumizwa," alikuwa akiniambia. Ningejibu nini? Nilikuwa nikikaa kati ya marafiki wawili nikiwa nimebeba Jumapili moja ya vitumbua, nikijiambia kwamba sisemi kwa sababu namlinda Nekesa asimpoteze rafiki. Huenda nilikuwa nalinda Krismasi zangu.

Basi siku ile ya msiba, tukiwa tumekaa sebuleni Ilford, Nekesa aliingia na Tabitha, amejifunga kanga kichwani kwa heshima ya nyumba. Alinishika bega, tukapanda wote watatu juu. Mwanaidi alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, amekuwa mdogo, uso wake umekauka. Nekesa alipiga magoti akamkumbatia, ule mkono mbovu ukampapasa mgongo. Mwanaidi alinitazama juu ya bega la rafiki yake.

"Uliwaambia polisi kwamba nilijua?" akaniuliza.

"Sikuwaambia."

"Sefu aliniambia hukusema. Sikumwamini. Miaka yote hii nilikuwa nangoja mlango ugongwe."

Nekesa alijitoa kifuani mwake taratibu. "Mwanaidi, ulijua nini?"

Nilitaka kumzuia, na nilitaka aseme. Mwanaidi alisema. Hakupunguza kitu, alirudia hata yale maneno, kwamba Nekesa hatasema kitu, ni rafiki yangu. Alisema kwamba mwanamume aliyejua naye siri hiyo leo anafukiwa, na yeye hawezi kubaki nayo peke yake ndani ya nyumba. Chini watu walikuwa wameanza kusoma Kurani, na sauti zao zilipanda ngazi hadi tulipokuwa.

Nekesa aliinuka kwa kushika kitanda. Hakumtazama Mwanaidi tena. Alinigeukia mimi, na uso wake ulikuwa ule ule wa mwezi wa pili, wa mtu anayeuliza na kusubiri.

"Na wewe ulijua kwamba yeye anajua?"

Safari hii nilijibu. "Nilijua."

Alitikisa kichwa polepole, akamwambia Tabitha kwa Kiingereza amtafutie viatu. Nilisimama dirishani juu nikawaona wakitoka: binti amemshika mama yake mkono, wanashuka na barabara ya kituoni, hawageuki. Nyuma yangu Mwanaidi alikuwa ameanza kulia, hatimaye, kwa sauti. Nilikaa chini kando yake, kwa sababu katika chumba kile hakuwa amebaki mtu mwingine wa kukaa naye.